Nilimuuliza Mbele ya Somo Wake

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na tano. Sikuagwa kwa keki wala kwa soda. Niliambiwa nivue aproni, nikaivua, nikatoka kwa mlango wa nyuma kwa sababu ule wa mbele ulikuwa na watu wanaonitukana. Nilikuwa nimefanya kazi ya nyuso katika saluni moja ya Ukunda kwa miaka minane. Ninaandika haya kwa wasichana walioingia baada yangu, ambao leo hii wanachemsha nta na kupaka asidi ya kuchubua ngozi kwenye mashavu ya watu na hakuna aliyewaambia jambo lenyewe. Nina hasira. Nilingoja ipungue ndipo niandike. Haikupungua, kwa hiyo ninaandika nayo.

Nilianza kazi nikitoka kwetu Mwabungo, nimemaliza darasa la nane na mdomo wangu mzito. Mteja akinisalimu nilijibu nikitazama sakafu. Mwenye saluni, Madam Lavenda, alikuwa ametoka bara zamani kuja kufanya kazi katika hoteli za Diani, na alipochoka kutumwa akafungua pahali pake mwenyewe. Siku ya kwanza alinitazama kama anayekagua nyanya sokoni.

"Huyu haongei?" akauliza.

"Haongei," akajibu Mama Mbula, aliyekuwa mkubwa wetu kazini. "Lakini mtazame mikono. Haitetemeki. Wale wanaoongea tunao tayari watatu."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchemsha nta: sukari, ndimu na maji kidogo, moto mdogo, unakoroga mpaka rangi iwe ya asali. Mimi niliogopa kuuliza rangi ya asali ni ipi, maana kuna asali na asali, nikaiacha mpaka ikawa nyeusi na kushika sufuria. Mama Mbula aliigonga kwa kijiko. "Hii sasa ni peremende," akasema. "Mpelekee Madam atafune." Tulicheka, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

Mama Mbula alikuwa Mkamba wa Makueni aliyekanda migongo ya wageni hotelini kule Galu kwa miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Jumapili alikuwa akiimba kanisani, na Jumatatu alikuja kazini sauti imekauka. Yote ninayoyajua alinifundisha yeye. Alinifundisha kumtazama mteja mlangoni, penye mwanga wa jua, kwa sababu taa za saluni hudanganya. Alinifundisha kujaribu dawa nyuma ya sikio na kungoja siku mbili, hata mteja akinuna. Alinifundisha kuishika ngozi kwa mkono wa kushoto wakati nta inapovutwa kwa mkono wa kulia, ili mtu asiondoke na nyama yake imechunika. Alinipa saa ndogo ya jikoni ya kutegea muda wa asidi, akasema macho ya mtu huchoka lakini saa haichoki.

Zaidi ya yote alinifundisha maswali ya bombani. Hilo ndilo jina alilolipa, na sijapata kuona mtu mwingine akifanya hivyo. Kabla ya kumgusa mteja uso, kwanza alimwosha. Mteja aliinama kwenye sinki, Mama Mbula akafungua bomba maji yapige kelele, kisha akashusha mdomo mpaka sikioni pake. Una mimba? Unanyonyesha? Unameza vidonge vya kuzuia mimba, unachomwa sindano, una kijiti mkononi, au una homoni yoyote uliyopewa hospitalini? Utakaa juani wiki hii? Mteja hakuwa na haja ya kufungua mdomo. Vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa sinki. Kama jibu ni ndiyo, aliinua kimoja. Mume aliyekaa kwenye benchi hakusikia, mama mkwe hakusikia, jirani aliyekuja kusukwa hakusikia.

"Kwa nini tusiwaulize tu?" nilimwuliza.

"Kwa sababu watakuambia uongo, mwanangu. Na uongo wao utaonekana usoni mwao, kisha watakuja kukudai wewe."

Akanieleza kwa maneno ambayo hata mtu wa darasa la nane anaweza kuyashika. Homoni za dawa, kama zile za mimba yenyewe, huifanya ngozi ya wanawake wengi iwe tayari kutoa weusi. Wengine hutoka madoa mashavuni bila kuguswa na mtu. Na ngozi zetu hizi nyeusi na za maji ya kunde ndizo zinazoshika doa upesi. "Ngozi ya namna hiyo inangoja sababu," alisema. "Ukiichubua, umeipa sababu. Ukiichoma kwa nta, umeipa sababu. Akitoka hapo akaenda juani, basi tena."

Niliamini siku alipokuja Nelly. Alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya ufuoni, mcheshi, anayechanganya Kiswahili na Kiingereza na kicheko. Siku aliyokuja kutolewa nywele za juu ya mdomo Mama Mbula hakuwepo, na mimi niliona haya kuuliza. Nilimvuta nta, ngozi ikawa nyekundu kidogo, akaondoka akiimba. Kesho yake akashinda juani akihudumia karamu ya wageni ufuoni. Baada ya wiki tatu alirudi, na juu ya mdomo wake palikuwa na mstari wa kahawia kama sharubu zilizochorwa kwa makaa.

"Unajua wananiita nani kazini?" aliniuliza. "Baba Nelly! Chef akiniona anasimama anapiga saluti. Mgeni ameniuliza kama ni mila ya kwetu. Wewe msichana, ni nini ulinipaka?"

Mama Mbula alimpeleka bombani, akafungua maji. Kidole cha Nelly kikainuka. Alikuwa akichomwa sindano ya uzazi wa mpango kila baada ya miezi mitatu. Sharubu zile zilikaa naye karibu mwaka mzima, pamoja na kofia na dawa ya kukinga jua. Sikupigwa wala sikutukanwa. Mama Mbula aliniambia tu, "Haya yako imemfanya mwanamke mzima aitwe baba." Tangu siku ile nikawa ninauliza, maji yakiwa wazi.

Baadaye Madam akanunua mashine ya mwanga ya kuondoa ndevu, ya mkono wa pili, na akataka ifanye kazi. Mteja wake wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akitumia homoni za hospitali kwa ajili ya joto la kukoma hedhi. Mama Mbula alikataa kumgusa kidevu mpaka arudi kwa daktari wake akaulize.

"Mama Mbula, unanifukuzia wateja," Madam akamwambia mbele yetu sote.

"Sijawafukuza. Nimewakopesha kwa daktari. Watarudi na nyuso zao."

Madam hakucheka. Mwaka ule ule mamake Mama Mbula akaugua kule Makueni, naye akaenda kumuuguza na hakurudi. Nilimsindikiza mpaka kituoni nikiwa nimebeba sanduku lake, na sikuweza kusema neno. Yeye alisema mawili. "Uliza. Daima."

Alipoondoka, Madam alileta fomu. Kurasa mbili za Kiingereza alizozitoa kwenye mtandao na kuzichapa kule saiba, kwenye duka la kompyuta, zenye visanduku vya kutia alama na mahali pa sahihi chini. Wateja walitia alama ya hapana kuanzia juu mpaka chini bila kusoma, wakaandika jina, wakalala kitandani. "Akishasaini tumemalizana," Madam alisema. "Kitu yoyote ikitokea, hii karatasi ndiyo itaongea."

Sasa nitasema jambo ambalo halinipendezi. Mimi niliipenda fomu ile. Ilikuwa ikiniuliza maswali niliyoyaonea haya. Sikuwa tena na haja ya kuweka mdomo wangu kwenye sikio la mtu nisiyemjua. Maswali ya bombani niliyaacha taratibu: leo nauliza, kesho siulizi, na mwishowe sikuuliza kabisa. Mnaponiona nimemkasirikia Madam, jueni mtu wa kwanza niliyemkasirikia ni mimi.

Kisha akaja Zuwena. Hilo si jina lake. Alikuwa msichana wa Msambweni, umri wangu hasa, mpole, na harusi yake ilikuwa imebaki siku kumi. Alikuja amefunikwa buibui, na ubavuni pake alikuwapo somo wake, Bi Mwanatumu, yule mwanamke mzima ambaye familia humpa bi harusi amfunde, amsinge kwa kumsugua liwa, na asimwache peke yake mpaka siku anayoingia kwa mumewe. Bi Mwanatumu alikuwa amewafunda wasichana wengi kutoka Msambweni mpaka Vanga, na alijua thamani yake.

"Shikamoo, Bi," nikamwambia.

"Marahaba. Nataka uso huu," akamshika Zuwena kidevu kama anayeshika chungu, "ung'ae mpaka bwana harusi atafute miwani. Hapa mashavuni ana ukungu. Mnaona? Mchubueni huo ukungu uondoke, kisha mimi nitamsinga kwa mikono yangu."

Nilimpeleka mlangoni kwenye mwanga. Ukungu ulikuwapo kweli, kivuli chepesi cha kahawia pande zote mbili, kimelingana kushoto na kulia. Mama Mbula angeuona angeenda moja kwa moja bombani. Mimi pia niliuona, na nilijua. Lakini siku ile Ukunda haikuwa na maji. Tulikuwa tukichota kwenye mitungi kwa kikombe, na kikombe hakipigi kelele. Chumba chenyewe ni kidogo, vitanda viwili na pazia. Somo alikuwa amekaa kwenye kiti kwa mkao wa mtu ambaye hatoki.

Ningeweza kumwomba atoke. Mama Mbula angemtoa. Mimi nilichukua fomu.

"Hiyo inasema nini?" Bi Mwanatumu akauliza. "Hatutii sahihi kitu tusichokijua. Tusomee."

Nikasoma. Nikawa naifasiri kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, kwa sauti, kama mtoto wa shule. Una kisukari? La. Una pumu? La. Kisha ikafika. "Je, unatumia vidonge vya kupanga uzazi, au homoni zozote?"

Bi Mwanatumu alisimama. "Astaghfirullah! Wee binti, una akili? Huyu ni mwari. Nimemchukua kwao kama alivyozaliwa. Unamuuliza mwari habari za vidonge vya kupanga uzazi? Apange na nani?"

"Ni karatasi, Bi. Imeandikwa hapa."

"Basi na aliyeiandika hana adabu. Zuwena, mjibu."

Zuwena alikuwa akitazama mikono yake. "La," akasema.

Mimi nilisikia ile la. Kwa miaka nilikuwa nimeona vidole vikiinuka kwenye sinki na ninajua mtu anavyokuwa kabla ya kuinua kidole. Nilisikia na nikamtegea saa, nikampaka asidi.

Nilimwambia asisugue uso kwa siku saba, asijifukize, asikae jikoni, na ajipake dawa ya kukinga jua hata akiwa ndani. Bi Mwanatumu alinipigia kofi la hewani. "Siku saba? Nina singo nimeisaga tangu juzi, liwa na maua. Wewe umefunda wangapi?" Akaondoka naye. Siku ya tatu ngozi ilipoanza kubabuka, alimsinga. Siku ya nne akamsinga tena kwa nguvu zaidi, kwa kuwa aliona weusi unatokea na alidhani ni uchafu. Siku ya tano akamrudisha kwetu.

Zuwena alipofunua uso, msichana aliyekuwa akisukwa alisema "Yesu" kisha akaziba mdomo. Mashavu yote mawili, kuanzia chini ya macho mpaka karibu na midomo, yalikuwa na mabaka ya rangi ya kahawa iliyoungua. Zilikuwa zimebaki siku tano.

Madam aliniamuru nimpeleke kliniki kwa daktari wa ngozi, naye Bi Mwanatumu akafuatana nasi akinitukana njia nzima. Mlangoni pa daktari alitaka kuingia.

"Mama, ngoja nje," daktari akamwambia. Alikuwa mwanamke mfupi, amechoka.

"Mimi ni somo wake."

"Na mimi ni daktari wake. Kaa hapo."

Bi Mwanatumu akakaa. Ilikuwa rahisi hivyo. Nilisimama pale nikatamani ardhi inimeze, maana maneno mawili yale, ngoja nje, yalikuwa yamekaa mdomoni mwangu siku ile ya kwanza na nikayameza. Nilitaka kuondoka pia, lakini Zuwena alinishika mkono wa nguo. "Huyu abaki," akasema.

Mlango ulipofungwa, daktari hakuuliza mara mbili. Zuwena alisema yote. Tangu mwaka uliopita alikuwa akitokwa na damu nyingi, siku kumi na tano, siku ishirini, mpaka akazirai akiteka maji kisimani akapelekwa hospitali. Huko akapewa vidonge vya homoni vya kuizuia. Ni vidonge vile vile ambavyo wanawake wengine humeza kupanga uzazi, katika pakiti ile ile. Alikuwa akivificha kwenye kopo la poda. Mamake hakujua. Alidhani binti alipewa dawa za kuongeza damu.

"Wakiiona pakiti," Zuwena akasema, "nani atanisikiliza habari ya damu? Watasema nilikuwa nameza kwa sababu nina mtu. Kina bwana harusi wakisikia, harusi hakuna. Na baba yangu atawatazama watu vipi?"

Daktari alimwambia mabaka yatafifia, lakini kwa miezi, si kwa siku. Vidonge viliiandaa ngozi, asidi ikaichokoza, kusinga kukaimaliza. Akamwambia asiache vidonge kwa hofu, arudi kwa waliompa wamtafutie njia nyingine ikiwa ipo. Akampa dawa ya kupaka na ya kukinga jua. Nje akamwambia somo jambo moja tu: uso usisuguliwe tena.

Kosa langu la pili lilikuwa saluni, jioni. Madam aliniuliza daktari amesema nini. Mimi, ambaye salamu tu hunishinda, siku ile nikafungua mdomo nikamweleza. Nilidhani atamhurumia. Madam akapiga makofi.

"Si ndiyo hiyo! Aki Mwanasha, si ungesema mapema! Amedanganya, na amesaini. Kesho wakikuja nawaonyesha fomu, nawaambia waulize msichana wao anameza nini. Hii saluni haiendi chini juu ya mtu mwongo."

"Madam, ni dawa ya damu."

"Mimi nimesema si ya damu? Waulizane huko kwao."

"Wataua harusi yake."

"Na mimi je? Wakienda kusema Ukunda nzima nachoma watu, nani atalisha watoto wangu? Ni yeye ama ni mimi, Mwanasha."

Sikulala vizuri, na asubuhi nilikuwa sijui nitafanya nini. Sitaki mdhani nilikuwa na mpango. Walikuja saa nne: Zuwena amejifunika, mamake amevimba macho kwa kulia, na Bi Mwanatumu mbele yao kama askari. Wateja wawili waliokuwapo hawakutoka. Nani atoke wakati kama huo.

"Tunataka kujua," akasema Bi Mwanatumu, "ni nini mmempaka mtoto wa watu."

Madam alikuwa amevaa miwani na ameishika fomu. "Karibuni. Mimi naongea kwa makaratasi. Hapa kuna jambo ambalo mteja hakutuambia..."

Zuwena alinitazama kupitia ule upenyo wa buibui. Sikuona kingine ila macho.

"Ni mimi," nikasema.

Wote wakageuka. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Tuna chupa mbili. Moja ya kawaida, moja kali. Nilishika ile kali. Madam hakujua. Sikumwambia."

Madam alinitazama, kisha akaitazama fomu, na niliona hasa jinsi alivyokuwa akipima. Mteja mwongo angeleta maneno, na maneno yangeleta ugomvi na ukoo mzima wa Msambweni. Mfanyakazi mzembe hana ukoo. Unamfukuza mambo yanaisha. Akaikunja fomu mara mbili.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Na mimi nimeshtuka kama nyinyi. Mwanasha, toa aproni."

"Chupa kali!" Bi Mwanatumu akapaza sauti. "Wewe uliyenisomea karatasi ya ushenzi ukamuuliza mwari wangu habari za wazinifu, kumbe hata kuisoma chupa huwezi! Mkono wako ukauke! Usimguse bi harusi wa mtu tena maisha yako!"

Mamake Zuwena hakunitukana. Alinisogelea, akanitazama karibu sana, akaniuliza, "Wewe huna mama?" Hilo ndilo linalonirudia.

Harusi ilikuwapo. Walimpaka vipodozi vinene, wakapunguza taa, wakapiga picha chache. Mimi nikaanza kutafuta kazi. Saluni ya kwanza iliniuliza jina, nikalitaja, mwenyewe akasema nafasi imejaa. Ya pili hawakungoja nitaje. "Si wewe ndiye uliyemchoma bi harusi?" Habari ile ilifika hata Majoreni, mbali kule, kwa siku mbili. Nilikuwa na mikono isiyotetemeka na kila uso Ukunda ukaikataa. Nikarudi Mwabungo kumsaidia mama kukaanga bajia.

Miezi saba baadaye Zuwena alikuja nyumbani kwetu. Mabaka yalikuwa yamebaki vivuli. Alikaa kwenye mkeka akacheka, kisha akalia, kisha akaniambia mumewe alikuta kopo la poda.

"Niliona yameisha, Mwanasha. Nikamweleza yote, damu, kisima, hospitali. Unajua amesema nini? Amesema, 'Kumbe ni hivyo? Nilikuona unajificha na kopo kila usiku, nikadhani una kisukari na unaona haya.' Akaniuliza kama zimebaki za kutosha. Basi."

Mnadhani nilifurahi. Nilifurahi baadaye. Hapo kwanza nilisimama nikaenda nyuma ya nyumba nikaupiga ukuta. Mwanamume yule hakuwa na neno. Hakuna aliyemuuliza. Tulikuwa wanawake watano, mimi, Zuwena, mamake, somo na Madam, tumeogopana sisi kwa sisi mpaka tumemwunguza mmoja na kumfukuza mwingine, kwa ajili ya swali ambalo jibu lake lilikuwa pakiti ya dawa ya hospitali.

Zuwena akaenda akamwambia mamake, kisha akamwambia somo. Mwenyewe, kwa mdomo wake. Ndiyo maana leo ninaweza kuandika. Mamake alinitumia kanga na salamu. Bi Mwanatumu alikuja kwa miguu yake.

Hakuketi. "Kwa nini hukuniambia?" akaniuliza. "Nimekutukana mbele za watu. Umenifanya mjinga."

"Ningekuambiaje, Bi? Ulikuwa umekaa hapo."

"Ungeniambia nitoke."

"Ungetoka?"

Alifikiri. Nampa haki yake, alifikiri kweli. "Nisingetoka," akasema. Akakaza mtandio wake akaondoka, na sikupata kusikia kama siku hizi, akiwapeleka wari wake saluni, huwa anakaa ndani au nje.

Ukweli haukusafiri kama uongo wangu ulivyosafiri. Mpaka leo kuna watu Ukunda wakiniona wanashika mashavu. Fomu nayo bado iko pale, kurasa zile zile mbili, na Madam bado anasema itaongea. Haitaongea. Nimewaona wateja wakiisaini: wanatazama nani amekaa kando yao, ndipo wanatia alama.

Kwa hiyo nawaambia nyinyi mnaoshika brashi sasa. Msiogope asidi kwanza, ogopeni benchi. Kabla hujafungua chupa yoyote, mtoe kila mtu. Mtoe shoga aliyemsindikiza, mtoe mume, mtoe mama, mtoe somo hata kama amewafunda nusu ya wanawake wa pwani. Funga mlango, na kama hamna mlango, nendeni chooni mkasimame humo wawili. Muulize kwa sauti ndogo, umweleze kwa nini unauliza, kisha mngoje. Akisema ndiyo, usimchubue, mpeleke kwa daktari. Wakikasirika huko nje wakataka kujua nani amewafundisha ufidhuli huo, msihangaike kutafuta jibu. Semeni ni Mwanasha wa Mwabungo, yule aliyemchoma bi harusi. Jina limeshachafuka. Litumieni.